Ndugu Rusk Anautaka Ubwana

Pale Hadcombe, kijiji chetu cha Amerika, mwanamume alikuwa na majina mawili tu ya heshima, na bahari tuliyoivuka kutoka Uingereza ilikuwa nyembamba kuliko nafasi iliyokuwa kati ya hayo mawili. Ukiwa na shamba, mke, jembe na dhambi za kawaida, wewe ni Ndugu. Ukiwa na zaidi ya hapo, au watu wakidhani unacho, wewe ni Bwana. Hakuna aliyeitunga sheria hiyo. Mtoto aliyejua kusema "maziwa" alijua pia nani ni nani.

Zabdiel Rusk, fundi wa mapipa, alikuwa Ndugu. Shemeji yake, Hopestill Dunning, alikuwa Ndugu vilevile, mpaka tulipomchagua awe mmoja wa Watano, wale wanaosimamia mambo ya kijiji kati ya mkutano mmoja na mwingine. Jumapili iliyofuata, Kemble mhunzi alisogea mlangoni pa kanisa akasema, "Tangulia, Bwana Dunning." Zabdiel alikuwa nyuma yao. Neno lile lilimwingia kama kibanzi cha mwaloni chini ya ukucha, na likakaa humo likitunga usaha.

"Nimemshikia ndoo yule!" alimwambia mkewe njia nzima ya kurudi nyumbani. "Ndani ya meli, bahari imechafuka, yeye anatapika, mimi nimeshika ndoo. Leo ni Bwana. Bwana wa nini? Wa ndoo?"

"Kaka yangu alitapika na wewe ulilia," mkewe akasema. "Kila mtu alitoa alichokuwa nacho."

Mkewe aliitwa Silence, maana yake Kimya. Wazazi wetu walipenda kuwapa watoto majina ya fadhila, na mara nyingine fadhila yenyewe ilisikia ikakimbia.

Haki isemwe: Zabdiel alikuwa fundi. Pipa lake ungelijaza bia leo, ulivingirishe hadi Boston, ulivingirishe kurudi, na usipungukiwe ila kile ulichokunywa mwenyewe njiani. Alikuwa na nyumba isiyovuja, mke aliyemchekesha hata asipotaka, na magoti yake yote mawili. Lakini hakuviona. Jicho lake lilikuwa limefungiwa kwa Hopestill kama mbuzi kwenye kigingi. Alimwonea wivu shamba lake la kando ya kijito, ambako majani ya ng'ombe yalijiotea yenyewe. Alimwonea wivu meno. Mvua ikinyesha, Zabdiel alitoka nje kuangalia kama upande wa Hopestill inanyesha zaidi. Siku moja nyuki wa Hopestill walihamia kwenye mti wa Zabdiel. Mtu mwingine angefurahia asali, yeye akawashuku kuwa ni wapelelezi.

Basi majira ya baridi yale, theluji imefika madirishani, akaamua kwamba Machi ikifika, kiti cha Hopestill kitakuwa chake.

"Watano ni watano," alisema mezani, mbele ya sufuria ya maharage na nyama ya nguruwe. "Mmoja akitoka, mmoja anaingia."

"Na anayetoka ni kaka yangu."

"Sijataja jina."

"Mume wangu, umekuwa ukimtafuna tangu uji wa asubuhi. Jina tu ndilo hujalimeza."

Zabdiel akaweka kijiko chini. "Silence, wewe unaitwaje kanisani?"

"Mama Rusk."

"Na mke wa kaka yako?"

"Bibi Dunning."

"Anakaa wapi?"

"Benchi la tatu. Kwani leo ndiyo umeanza kwenda kanisani?"

"Na sisi tuko nyuma ya nguzo! Mchungaji simwoni. Nahubiriwa na nguzo. Siku ya kiyama nikiulizwa nani aliniongoa, nitasema nguzo."

"Mimi sina ugomvi na nguzo," Silence akasema. "Haijawahi kupitisha muda."

Kwetu mtu hawezi kusimama akasema anataka cheo. Anayeomba kutawala tunamtazama kama anayeomba kushika pochi ya mwenzake. Ilibidi Zabdiel apite mlango wa nyuma, na mlango aliouona ulikuwa na pua na mkia. Nguruwe.

Sasa hapo alikuwa ameshika jambo. Nguruwe wetu tuliwaachia wajitafutie msituni, nao walijitafutia kila mahali isipokuwa msituni. Waliingia katika mahindi ya shamba la wote. Walishuka hadi ufukweni maji yakipwa, wakachimbua chaza ambao wenyeji wa pale walikuwa wakiwala tangu kabla babu zetu hawajajua kuwa nchi ile ipo. Na hodari wao alikuwa jike mkubwa wa Hopestill, mwenye masikio yaliyochanika, ambaye kijiji kizima kilimwita Jezebeli.

Mama mmoja wa wenyeji alikuja hadi mlangoni kwa Hopestill na kapu la makombe matupu ya chaza, akalimwaga kizingitini. Alikijua Kiingereza kwa kuuziana ngozi na watu wetu.

"Nguruwe hajui mpaka wa mtu, mama," Hopestill akamwambia.

"Kajifunza kwa nani?" yule mama akamjibu, akaenda zake.

Zabdiel aliipenda hadithi hiyo kuliko Zaburi. Kila aliyekuja kuchukua pipa aliondoka na pipa na hadithi. Alimhurumia yule mama kweli, kiasi. Nusu ya huruma ilikuwa yake mama, nusu nyingine ilikuwa ya kumchoma shemeji. "Kijiji kinatawaliwa na nguruwe," alisema akipiga nyundo. "Na wale Watano wanatazama tu. Wengine wao ndio wanaowalea. Anatakiwa mtu. Simsemi mtu gani. Mtu."

Kufikia Februari, ukisikia neno nguruwe unamfikiria Zabdiel Rusk. Alifurahi sana. Hakujiuliza.

Labda niseme jinsi tulivyochagua. Mfalme alikuwa mbali akigombana na bunge lake, gavana alikuwa Boston, na ng'ombe walikuwa ndani ya mahindi sasa hivi. Kwa hiyo ilibidi tujitawale. Wanaume waliopokewa kanisani walikusanyika katika nyumba ileile ya ibada, wakataja jina la mtu na kazi yake, kisha kofia ikazungushwa. Unayemtaka, unamtilia punje ya hindi. Usiyemtaka, unamtilia haragwe. Mkono wako unauficha ndani ya kofia, na hakuna anayejua, isipokuwa wale wenye vidole vinene wanaodondosha.

Siku ya mkutano, baridi ilikuwa ya kupasua mawe. Nyumba ile haikuwa na moto. Mzee Barzillai Frome, mwenyekiti, alikuwa na desturi ya kuanza na Watano, halafu kushuka kwenye vyeo vidogo: mkagua nyua, mpima kuni, mkuu wa nguruwe. Lakini mwaka uliopita watu walibishana juu ya Watano mpaka miguu ikafa ganzi, wakaenda nyumbani kabla ya kuchagua wengine. Mwaka huu akasema, "Tuanze na vidogo, wakubwa watajijua."

Zabdiel hakulisikia hilo. Alikuwa nje, nyuma ya ukuta, pale tunapopigilia misumari vichwa vya mbwa mwitu waliouawa, akiwatolea wale mbwa mwitu hotuba yake. Walimsikiliza vizuri, akapata moyo. Aliporudi ndani, kofia ilikuwa inazunguka, na jina alilolisikia lilikuwa lake.

"Zabdiel Rusk," Mzee Barzillai alikuwa akirudia. "Zabdiel Rusk, tia hindi au haragwe."

Zabdiel akaona giza, kisha mwanga. Akatia hindi lake, akikunja uso kama anayetolewa jino, maana si adabu mtu kufurahi anapojichagua. Kofia ikamwagwa mezani. Mahindi matupu, ya njano, ya rangi ya damu, ya buluu. Katikati yake, haragwe moja.

Ninyi mngejua haragwe lile ni la nani. Na Zabdiel alijua. Alimtazama Hopestill, Hopestill akatazama dari.

"Unakubali?" Mzee Barzillai akauliza.

Zabdiel akasimama. Akavua kofia.

"Ndugu zangu, sikuutafuta mzigo huu."

"Ni kweli," mtu akasema nyuma.

"Lakini nyinyi mmeona kuwa mimi nafaa, nami ni nani hata nikatae? Nitakaowasimamia, nitawasimamia kwa upole. Aliye mtulivu hatanisikia. Lakini mkaidi, nitamshika masikio!"

Benchi la mhunzi likaanza kutikisika.

"Sitaogopa ukubwa wa tumbo la mtu. Nikimkuta mnene anakula kisicho chake, nitamtoa humo kwa kamba!"

"Hata Jezebeli?" Kemble akapaza sauti, machozi yakimtoka.

Zabdiel alidhani anaulizwa Maandiko. "Hata Jezebeli!" akanguruma. "Nitamtupa nje kwa mbwa, kama ilivyoandikwa! Nakubali! Mbele za Mungu, nakubali!"

Watu walilala chini kwa kicheko. Mzee Barzillai, mtu aliyemzika mke wake bila kubadili uso, aliuinamia mkono wake akakohoa kwa muda mrefu. Kisha akatangaza, "Ndugu Zabdiel Rusk, kwa kura zote ila moja, ni Mkuu wa Nguruwe. Sasa tuje kwa Watano."

Na katika Watano, wa kwanza kutajwa alikuwa Bwana Hopestill Dunning. Mahindi yalikuwa mengi.

Wapo watu ambao wangecheka pamoja na wenzao, mambo yakaisha. Zabdiel alikwenda nyumbani akalala akiuelekea ukuta.

"Nikatae," alisema.

"Ukikataa kuna faini, na kuna jina utakaloitwa hadi ufe," Silence akasema. "Na umesema mbele za Mungu. Umemwita kabisa." Akajifunika uso kwa blanketi, na kitanda kikatikisika.

"Unalia?"

"Ndiyo," akasema Silence.

Asubuhi Zabdiel aliamka akiwa mtu mwingine, au tuseme mtu yuleyule aliyepata chombo. Watano walikuwa wameandika amri, na mkutano ukaipitisha, kwamba tangu mbegu zipandwe, kila nguruwe avae nira ya mti shingoni, asipenye nyua, na pete puani, asichimbe. Mkuu wa Nguruwe ana haki ya kumkamata asiyevaa, kumfungia katika zizi la kijiji, na mwenye nguruwe haruhusiwi kumchukua mpaka alipe faini. Zabdiel alikaa na maneno hayo kama mtu anayenyonya mfupa. Kuna kitu ndani yake.

Akachukua kamba na koleo, akaingia kazini. Nguruwe wa wengine wangeweza kucheza ngoma mbele yake asiwaone. Nguruwe wa Kemble alipita katikati ya miguu yake na kabichi mdomoni. Zabdiel akampisha. Yeye alikuwa akimtafuta mwanamke mmoja.

Alimkuta Jezebeli ndani ya mahindi machanga, shingo tupu, pua tupu, akila kama mtu aliyealikwa. Walishindana kwa muda. Wote wawili walitoka wamefanana. Na kwa kumpeleka zizini hakupita kichochoro kifupi. Alimpitisha barabara kuu, mbele ya kinu, mbele ya kisima wakati wanawake wakichota maji, mbele ya dirisha la Bibi Dunning, polepole, kama bwana harusi.

Hopestill alikuja mbio, leso ya chakula bado iko shingoni.

"Shemeji, mfungulie mnyama."

"Mkuu wa Nguruwe hana shemeji."

"Zabdiel, usinichekeshe, nina njaa."

"Lipa faini, Bwana Dunning, kama Ndugu wote wanavyolipa."

"Amri ile niliiandika mimi! Kwa mkono wangu, juu ya meza yangu!"

"Basi haitakupa shida kuisoma."

Hopestill hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyeitwa Bwana kwa muda, na hilo hufanya kazi taratibu kama unyevu kwenye ukuta. Akatazama watu waliokusanyika, akaona wanatabasamu, akachukia. Akalinyanyua komeo la zizi mwenyewe.

"Watano walifunga," akasema, "na Watano wanaweza kufungua." Jezebeli akatoka, akapita, akaelekea kulekule alikotoka.

"Ahaa!" Zabdiel akawageukia watu, matope yakimdondoka kidevuni. "Mkuki kwa nguruwe mtamu! Kumbe na nguruwe mwenyewe, inategemea ni wa binadamu gani!"

Hapo hatukucheka sana. Kemble hakumpenda Zabdiel hata kidogo, lakini mwaka wa nyuma nguruwe wake alifungwa zizini siku tatu na alilipa, akakopa ili alipe. Alilitazama lile komeo lililotupwa kwenye majani. "Mimi wangu hakuna aliyemfungulia," akasema, si kwa mtu yeyote.

Zabdiel alizunguka nyumba kwa nyumba, na safari hii milango ilifunguka. Mzee Barzillai akaita mkutano wa dharura. Swali lilikuwa moja: je, tukishafunga sisi sote, Watano wanaweza kufungua peke yao? Zabdiel yeye alikuwa na swali lake dogo ndani ya hilo kubwa: je, leo Hopestill atashuka? Akishushwa, kiti ni wazi. Hakulala usiku wa kuamkia mkutano, kwa furaha.

Hopestill alisema vizuri. "Mlituchagua tuwaamulie. Kama kila tukiamua mnaitana kuamua tena, basi tuchague wote tuwe Watano, tukakae wote mezani kwangu, na mke wangu awapikie." Watu wakacheka naye. Zabdiel alikiona kicheko kile kikienda kwa shemeji yake, chepesi, bila kuvutwa, na uso wake ukawa wa kijani kwa wivu.

"Mwambie, Rusk!" Kemble akasema. "Lakini sema kweli. Wewe unasemea wivu."

Kwetu mtu hutuhumiwa uzinzi kwa sauti ya chini na wivu kwa sauti ya chini zaidi.

"Ndiyo," Zabdiel akasema.

Hata Hopestill aligeuka.

"Ndiyo, nina wivu. Namwonea wivu shamba, benchi, meno. Mungu anajua, Silence anajua, sasa nanyi mjue. Lakini wivu wangu haukumwingiza Jezebeli katika mahindi. Alikuwa humo kabla sijamwona, na pete hakuwa nayo. Aliyelinyanyua lile komeo si wivu wangu, ni mkono wa Hopestill. Mnataka mwambiwe na mtu asiye na wivu? Wasio na wivu wote walikuwa nyumbani kwao wanakula! Mkimngoja mtu safi ndiye aje kuwaonyesha kosa la mkubwa, mtangoja mpaka Kristo arudi, na atakuta mahindi yameisha."

Alikaa chini. Kisha akakumbuka, akasimama tena. "Na nusu ya faini apewe yule mama wa chaza. Nimesahau kusema."

Alilisema hilo ili limuume Hopestill zaidi, nadhani, lakini alilisema, na hakuna mwingine aliyekuwa amelisema. Mzee Barzillai akayatenganisha mambo mawili. Kwanza: je, amri ya mkutano inawafunga Watano kama inavyofunga wengine, na Hopestill alipe? Kofia ikazunguka. Mahindi, mahindi, mahindi. Hopestill mwenyewe alikubali baadaye kwamba alitia hindi. Alisema alichoka na macho ya watu.

Jambo la pili, nusu ya faini kwa yule mama. Kofia ikazunguka, ikamwagwa, na mlio ukawa mwingine. Haragwe ni zito kuliko hindi.

Yule mama alikuwa nje, karibu na vichwa vya mbwa mwitu. Aliitwa kuwa shahidi akaachwa mlangoni. Mimi nilikuwa nimesimama pale kwenye kizingiti. Aliniuliza mlio ule ni wa nini. Nikamwambia ni kura: mahindi ni ndiyo, maharage ni hapana.

"Mbegu zote mbili ni zetu," akasema. "Mlizikuta kwetu." Akageuka, akashuka kuelekea ufukweni.

Machi iliyofuata Hopestill alisimama kabla hajatajwa. "Mimi mniache. Nani anakitaka kiti ambacho ukikikalia hata nguruwe wako anakudharau?" Watu wakampigia makofi. Jina la Zabdiel likatajwa, kofia ikazunguka, na ingawa maharage hayakukosekana, mahindi yalizidi. Alikubali kwa maneno mawili tu, baada ya kuuliza mara mbili, kwa sauti, ni kwa ajili ya kazi gani.

Kisha Kemble akasema, "Na Mkuu wa Nguruwe awe Dunning! Aonje!" Kwa kicheko na mahindi matupu, ikawa.

Jumapili ile, mlangoni, Kemble akasogea. "Tangulia, Bwana Rusk." Zabdiel akatangulia. Nilimwona usoni, alikuwa kama mtu aliyeshikishwa mtoto wake wa kwanza. Akaketi benchi la tatu, Silence kando yake, na kwa mara ya kwanza akamwona mchungaji. Aligundua kwamba mchungaji ana chunjua kubwa, na kwamba akifika kwa Wafilisti hutema mate hadi benchi la tatu.

Na ule utawala wenyewe! Zamani Watano wakisema daraja lijengwe hapa, linajengwa hapa. Sasa Zabdiel akisema hapa, mtu wa kwanza atakayekutana naye njiani anamuuliza, "Mkutano umesema?" Akisema kesho, wanamuuliza nani kamwambia. Mlinzi wa ng'ombe alimsimamisha akitoka chooni ili amkumbushe kwamba Watano hawafungui wanachofunga wote. Alipata kiti kile baada ya kukikata miguu mwenyewe, kwa maneno yake mwenyewe, mbele za watu, na alikuwa amesema vizuri.

Hopestill, kwa upande wake, alinenepa. Alikwenda na kamba yake akiimba zaburi kwa maneno aliyowatungia nguruwe. Akianguka katika tope alibaki pale kidogo ili kila mtu apate kuona. Wanawake walimpa mikate ya maboga mlangoni. Alikuwa amewavisha pete nguruwe wote, kuanzia na Jezebeli, na hakuna aliyemchukia. Watu waliacha kumwita Bwana, wakaacha hata Ndugu. Walimwita Hope, tu, kama mtu anavyoitwa na mama yake.

"Leo kaka kaburutwa na nguruwe mbele ya kinu," Silence alisema jioni moja. "Watu wamecheka hadi wakashikana."

"Mimi nilianguka katika tope lilelile mwaka mzima. Nani alicheka?"

"Wewe ukianguka unainuka upesi unaangalia nani kakuona."

"Kwa hiyo wanampenda."

"Wanampenda."

"Mimi wananiita Bwana."

"Ndicho ulichotaka, mume wangu. Kula."

Wiki ile Watano walikutana nyumbani kwa Mzee Barzillai kulijadili lile daraja, kama kawaida. Mmoja alitaka mwaloni, mwingine alitaka mti wa bei nafuu, wa tatu alitaka kujua mkutano utasema nini. Nje pakatokea kelele, kisha kicheko, kicheko kile cha watu wengi kinachopanda na kushuka. Zabdiel alivumilia mpaka akashindwa. Akasema anakwenda kujisaidia, akatoka.

Barabarani, nusu ya kijiji imesimama ukingoni. Hopestill alikuwa kwenye tope hadi magotini, amemkumbatia dume jeupe shingoni, na wote wawili wakizunguka kama wanacheza.

"Hope, mbusu!" Kemble alikuwa akipiga kelele. "Mbusu atatulia!"

"Kambusu mkeo nione kama anatulia!" Hopestill akajibu, na watu wakafa kwa kicheko tena.

Zabdiel akasogea mpaka ukingoni. Viatu vyake vilikuwa vipya. Watu walimwona, wakampisha kwa heshima, na kicheko kikapungua, kama moto ukiwekewa kuni mbichi.

"Si hivyo," Zabdiel akasema. "Shemeji, si hivyo. Usimshike shingo. Mshike mguu wa nyuma, mnyanyue."

"Namshika ninavyoweza."

"Mguu wa nyuma, nakwambia! Mimi nilikuwa namshika mguu wa nyuma. Ngoja nikuonyeshe." Alikuwa ameshainama kuvua kiatu kimoja.

Hopestill akamtazama. Alimjua tangu ujana, na alimwona vizuri kabisa pale, mguu mmoja hewani, macho yamemtoka, amesahau daraja na mwaloni. Angeweza kumwachia nafasi kidogo. Lakini naye alikuwa binadamu, na watu walikuwa wanatazama, na dume lilikuwa lake.

"Rudi ndani ukatawale, Bwana Rusk," akasema. "Sisi huku tuna kazi."